Swali la Saba

Wiki ya kwanza Tunguu tuligaiwa fomu,
karatasi mbili zilizobanwa kwa pini,
na sauti ya Bi Thuwaiba ikishindana na feni:
"Andikeni ukweli. Hii haina alama.
Zirudi kesho kabla ya saa nne."

Swali la nne: Una ratiba ya kusoma?
Nikacheka kimoyomoyo. Mie,
niliyepiga mistari nyuma ya kalenda ya duka la mchele
tangu Wingwi, kabla majina hayajatoka,
kwa rula iliyomeguka kwenye sentimita ya kumi na tisa.
Alfajiri, takwimu. Baada ya adhuhuri, maktaba.
Jumamosi, kufua, simu ya mama, simu ya mama tena.
Na Shaaban nzima nimeizungushia wino mwekundu:
wifi atajifungua.
Hakuna aliyeniuliza kama nitakwenda.
Waliuliza tu nitapanda boti ya siku gani.

Swali la saba lilikuwa fupi.
Unatarajia kumaliza mwaka kwa daraja gani?

Mbele yangu kakaa Shaame, mtoto wa ami yangu,
skuli moja, dawati moja mpaka kidato cha nne,
hisabati akinakili kwangu, na makosa yangu akiyabeba vilevile.
Swali la nne kaandika: "Nitaona."
La saba: "La kwanza," na mstari chini yake.
Kaandika kama mtu anayeandika jina la baba yake.

Nikaandika "La kwanza." Nikafuta.
Nikaandika "La pili, inshaallah."
Nikafuta "inshaallah," nikaogopa, nikairudisha.
Karatasi ikatoboka.
Kitunduni nikaona mbao ya meza.

Nani alinipunguza?
Si mama; mama kauza karafuu mbichi, pishi kwa pishi,
nipate kompyuta.
Si baba; baba alisema "Soma, lakini usipitilize,"
kwa sauti ileile ya "Angalia wali usiungue."
Labda shangazi Bikombo, aliyenisifu mbele za watu:
"Huyu hana makuu."
Sifa hiyo nimeivaa miaka kumi na tisa.
Sasa inanibana makwapani.

Baada ya isha Shaame kaja mpaka geti la dakhalia yetu.
Mlinzi kamsimamisha kwenye mstari wa chokaa,
tukazungumza, yeye kule, mie huku.
"Ile ratiba yako," kasema, "nipige picha."

Na ile la kwanza?

Kakuna kidevu.
"Ungeandika nini wewe,
mtaa mzima umenisomea dua, umekula pilau?
Baba hakuniuliza kama naweza.
Kauliza nitarudi na gari gani.
Sijui hata pa kuanzia, na hilo
halikuwekewa swali."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali, nikayameza.
Nikaifungua kalenda. Kamulika kwa simu, mraba kwa mraba.
"Na huu wekundu?"
"Dada yako anajifungua."
"Dada yangu yupi?"
"Uliyezaliwa naye tumbo moja, Shaame. Aliyeolewa na kaka yangu."
Kanyamaza. Kisha, kwa unyoofu kabisa:
"Sasa mimi nitafanya nini huko?"

Mlinzi ndiye aliyecheka kwanza.

"Utateka maji," nikamwambia. "Shika kalamu."
Kaandika jina lake kwenye wiki mbili za mwisho,
hati mbovu kama zamani.
Sijui kama atakwenda. Picha kapiga.

Asubuhi nikaomba fomu mpya, zimekwisha.
Nikakata kipembe cha kalenda, nikabandika juu ya tundu.
Nyuma yake palikuwa na Jumamosi moja ya kufua.
Mbele, nilipoigeuza, ilikuwa tarehe,
moja, ya mwezi gani sikumbuki,
nene, nyeusi, imechapwa na mtu asiyenijua.

Sikuandika kitu juu yake.
Nikampa Bi Thuwaiba saa nne kasoro dakika tano,
nikaenda kusoma takwimu.